Maswali na majibu: Alberta Hunter, mwimbaji aliyegeuka muuguzi

Safu iliyopita niligusia mwimbaji wa bluzi aliyerudi jukwaani akiwa na miaka 82. Maswali yamekuja mengi, nachukua manne.

Huyo mama ni nani hasa? (Msomaji, Morogoro)

Ni Alberta Hunter, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Memphis, 1895. Akiwa bado binti mdogo alitoroka kwao akaenda Chicago, kwa kuwa alisikia kule waimbaji wanalipwa. Mchana alimenya viazi kwenye nyumba ya wapangaji, usiku akazunguka vilabuni kuomba aimbe. Walimfukuza, akarudi. Alianzia danguroni, akapanda hadi ukumbi wa Dreamland, alikopiga muziki King Oliver, nyota wa jazz. Mwaka 1928 alikuwa London, jukwaa moja na mwimbaji na mwigizaji Paul Robeson katika mchezo wa Show Boat.

Ni kweli wimbo uliomtoa Bessie Smith ni wa Alberta? (Msomaji, Mombasa)

Kweli. "Downhearted Blues": maneno ni ya Alberta, muziki ni wa mpiga piano Lovie Austin. Alberta aliurekodi 1922. Mwaka uliofuata Bessie, naye mwimbaji wa bluzi, akautoa kuwa santuri yake ya kwanza, ikauzwa mamia ya maelfu. Sehemu kubwa ya mirabaha aliyostahili Alberta haikumfikia. Hilo linaniuma kila ninapousikia.

Kwa nini aliacha kuimba? (Msomaji, Dodoma)

Alimpenda mno mama yake. Mama alipofariki, miaka ya 1950, Alberta alishakwisha kuwaimbia wanajeshi katika Vita vya Pili vya Dunia na vya Korea, naye alikuwa na takriban miaka sitini. Akaamua kusomea uuguzi. Kwa umri ule asingepokelewa, basi akajipunguzia miaka 12, akadai na cheti cha sekondari ambacho hakuwa nacho. Sitamsifu kwa uongo, ila namwelewa: mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu isiyohusiana na mikono yake.

Alihudumia wagonjwa hospitali ya Goldwater, New York, miaka 20. Wenzake wa zamu hawakujua kwamba mwanamke huyu anayetandika vitanda amewahi kushangiliwa Ulaya. Alirekodi kidogo mwaka 1961, akarudi wodini. Mwaka 1977 wakamstaafisha wakiamini ametimiza 70. Alikuwa na 82!

Watu huiita miaka hiyo "iliyopotea". Sikubali hata kidogo. Muulize aliyewahi kulazwa muda mrefu kama nesi mwema ni kitu kilichopotea. Mwenyewe hakutaka kuondoka. Alikuwa tayari kuendelea na kazi.

Sauti ya bibi wa miaka 82 inasikilizika? (Msomaji, Bujumbura)

Inasikilizika sana. Oktoba 1977 alianza kuimba The Cookery, mgahawa wa Barney Josephson pale Greenwich Village, mtaa wa New York, watu wakajaa. Aliimba hadi Ikulu ya Marekani, mbele ya Rais Carter, na hakuacha mpaka karibu na kifo chake, Oktoba 1984. Sauti imeshuka, ina mkwaruzo, lakini kila neno unalisikia, na utani wa mapenzi anautoa kama mtu aliyeyaona yote.

Anza na santuri yake ya 1980, *Amtrak Blues*. Zile za 1922 ziache kwanza, maana rekodi za wakati ule zina kelele na zitakuchosha. Ukishaizoea sauti ya bibi, ndipo urudi kumtafuta binti.