Nilichelewa kumwona mgonjwa. Je, kesi nimeshashindwa?

SWALI: Wakili, mimi ni daktari. Nikiwa zamu, muuguzi alinipigia saa nne usiku kuhusu mgonjwa mwenye maambukizi kwenye damu. Nilifika saa saba, akafariki alfajiri. Familia inadai fidia. Nakiri nilichelewa, lakini wakili wa hospitali anasema bado tuna utetezi. Utetezi gani tena? Na je, naweza kuongeza kwenye faili maelezo niliyosahau kuandika?

JIBU: Pole, daktari. Nimetetea madaktari na hospitali miaka mingi, na swali lako la pili ndilo limenishtua. Lakini tuanze na la kwanza.

Usihangaike na kigezo cha kesi ya Bolam ya mwaka 1957, kile cha kuuliza madaktari wenzako wangefanyaje. Umeshakiri, hakikusaidii. Kinachobaki ni kisababishi. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza, mdai hashindi kwa kuonyesha tu kwamba ulikosea. Athibitishe pia kuwa kosa lako ndilo lililoleta madhara, na uwezekano huo uzidi nusu.

Tarehe 1 Januari 1966 walinzi watatu wa usiku walifika hospitali moja London wakitapika baada ya kunywa chai. Daktari wa zamu, naye mwenyewe hajisikii vizuri, alimwambia muuguzi kwa simu kwamba waende nyumbani wakawaone madaktari wao. Saa chache baadaye mmoja wao alikufa. Chai ilikuwa na arseniki. Jaji alikubali kwamba hospitali ilikosea kutomchunguza, lakini mjane alishindwa kesi: hata angelazwa palepale, dawa ya kuiondoa sumu ile isingewahi kumwokoa.

Kwako, mtaalamu ataulizwa: dawa ya mshipa ingeanza saa nne na nusu, mgonjwa angeishi? Atalitafuta jibu kwenye chati ya muuguzi, kwenye shinikizo la damu, mapigo na kiasi cha mkojo. Kama shinikizo lilikuwa limeshaporomoka kabla ya simu, una pa kusimamia. Kama lilishuka taratibu kati ya saa tano na saa saba, mimi ningeishauri hospitali ilipe mapema. Kesi za namna hiyo nimeziona zikiburuzwa miaka, na hakuna aliyefaidika isipokuwa sisi mawakili.

Sasa faili. Usiliguse! Ulichokumbuka mwandikie wakili wako, kwenye karatasi yenye tarehe ya leo.

Niliwahi kumtetea daktari ambaye kesi yake ilikuwa inatuendea vizuri, hadi upande wa pili ulipoomba kumbukumbu za mfumo wa kompyuta. Sentensi moja, "mgonjwa ameelezwa hatari za upasuaji," ilikuwa imeingizwa siku tatu baada ya barua ya madai. Huenda kweli alimweleza, mimi nilimwamini. Lakini baada ya hapo hata yale aliyoandika kwa wakati wake yalitiliwa shaka, na hospitali ikalipa.