Jibu: Hot Fuzz ina nini mpaka watu waisifie hivi?

Mkuu, unasema ulisinzia saa nzima ya mwanzo na huelewi wenzako wanacheka nini. Nakuelewa, hata mimi mara ya kwanza niliiona inajivuta. Lakini filamu ile ya vichekesho kuhusu polisi wa Uingereza, aliyoiongoza Edgar Wright mwaka 2007, inapanda mbegu kwanza, mavuno yapo mwishoni.

Chukua yule bata maji. Mwanzoni ametoroka, polisi wawili wanahangaika naye, unaona upuuzi mtupu. Kumbe ndiye atakayemvamia mtu anayekimbia na gari mwishoni! Sebuleni kwetu watu walisimama wakipiga makofi.

Halafu angalia kazi za mezani: kujaza fomu tu kunakatwa harakaharaka kwa kishindo, kama mapigano ya risasi. Wapenzi wa filamu za mapigano wanaona mchezo wao unataniwa kwa upendo, ndiyo maana hawakasiriki.

Washa maandishi ya chini, tafadhali. Kuna mkulima ana lafudhi nzito mpaka polisi mmoja anamtafsiri, na huyo polisi naye anahitaji kutafsiriwa. Ukikosa hapo, umekosa utamu wenyewe. Irudie na watu wawili watatu, usiangalie peke yako.