Kabla Hujakubali Mshahara Mkubwa Zaidi: Kwa Wahasibu Wanaoanza Kazi

Wengi wenu mnaoanza kazi ya uhasibu mtaletewa, ndani ya miaka michache, barua ya ajira yenye mshahara unaozidi mnaoupokea sasa. Nawaomba msitie saini kabla ya kupiga hesabu mbili, ya fedha na ya saa, kwa kuwa kiasi kilichoandikwa kwenye barua sicho kitakachoingia benki.

Tuchukue mhasibu wa Morogoro anayelipwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, ambaye ameahidiwa 1,600,000 akihamia Dar es Salaam, na tuchukulie kwamba zote ni mshahara wa msingi. Nyongeza ni 400,000. Mchango wa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10 unachukua 40,000. Katika 360,000 zinazobaki, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara (PAYE), ya daraja la juu, yaani asilimia 30, inachukua 108,000. Na kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, makato ya asilimia 15 yanaondoa 60,000 nyingine, ambazo si hasara kwa kuwa zinapunguza deni, lakini hazilipii nyumba. Kinachofika mkononi ni 192,000. Humo ndimo itoke tofauti ya pango, ambalo wenye nyumba wengi hudai la miezi sita kwa mkupuo, na nauli ya kila siku, na mshahara wa dada wa kazi, maana bibi aliyekuwa akimpokea mtoto kutoka shuleni amebaki Morogoro.

Hesabu ya saa ni ngumu zaidi, na ndiyo wengi huiruka. Mfanyakazi anayeishi Kibamba, pembezoni mwa Dar es Salaam, na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji, anaweza kuondoka watoto wamelala na kuwakuta wamelala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, zinazolipwa mara moja na nusu. Hata hivyo, kinga hiyo haimhusu anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Kwa hiyo cheo kinachokuongezea mshahara kinaweza kukuondolea haki ya kulipwa saa za ziada, na kazi ya kufunga hesabu za mwaka ikakuweka ofisini hadi usiku bila malipo yoyote ya nyongeza.

Sisemi kwamba fedha ni jambo dogo. Mwenye mzazi anayeuguzwa au wadogo wanaomtegemea kwa ada ana sababu ya kukubali, na asilaumiwe. Ila akubaliane na mwenzi wake mapema ni kwa miaka mingapi. Kwa asiye na mzigo huo, ningetanguliza kazi ya ukaguzi wa hesabu au kitengo ambacho mkubwa wako anaketi nawe na kukuonyesha ulipokosea, hata kama kinalipa kidogo, kwa sababu kazi unayoielewa vizuri huimaliza mchana, nawe ukarudi nyumbani ukiwa bado na nguvu za kuwasikiliza watu wako.

Ukiitwa kwenye usaili, mtafute mhasibu aliyeajiriwa pale kwa cheo hicho hicho, umuulize alitoka ofisini saa ngapi mwezi Januari, hesabu za mwaka zilipokuwa zikifungwa, na likizo yake ya siku 28 aliichukua lini mara ya mwisho.