Kinachomfanya mfanyakazi wa hoteli ajitume

Si mshahara unaotangulia, ni msimamizi wa karibu. Gallup, kampuni ya utafiti ya Marekani, walieleza mwaka 2015 kwamba angalau asilimia 70 ya tofauti ya ari kati ya timu moja na nyingine inatokana na meneja. Hizo ni kazi za kila aina, si hoteli peke yake, lakini nimesimamia usafi wa vyumba na nimeyaona. Mhudumu anasukuma kitoroli, mashuka yamepungua kwa sababu dobi amechelewa, na mgeni ameshafika mapokezi anasubiri chumba. Msimamizi mmoja anamfuatilia dobi kisha anashika upande wa pili wa shuka watandike pamoja. Mwingine anamfokea koridoni, wageni wanasikia. Huyu wa pili kila mara anaomba apewe watu wapya.

Baada ya hapo weka kuaminiwa. Ritz-Carlton, kampuni ya hoteli za kifahari, wanajulikana kwa kumruhusu mfanyakazi atumie hadi dola 2,000 kwa mgeni mmoja kumaliza tatizo bila kuomba kibali kwa bosi. Halafu kuna ratiba ya zamu: mtu aliyetoka saa sita usiku ukimrudisha saa kumi na mbili asubuhi, tabasamu atalitoa wapi?

Ila pesa isidharauliwe. Mshahara usipotosha chakula na nauli, au bakshishi zikigawanywa kwa siri, hata msimamizi mwema hataweza kuwazuia watu wasiondoke.