Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Kamera Haikufika Sokoni Kwetu?

SWALI: Mhariri mpendwa, nakusalimu. Sisi akina mama wa sokoni, zaidi ya mia mbili, tulitembea kwa amani hadi ofisi za jiji kudai maji na vyoo. Tulibeba mabango, tukakabidhi barua yetu, tukarudi kwenye meza zetu. Jioni tuliketi mbele ya televisheni tukingoja kujiona, lakini tukaonyeshwa vijana wachache waliochoma matairi barabarani Kampala. Ni nani anayeamua, na anatumia kipimo gani? – Mfanyabiashara, Arua.

JIBU: Mama yetu wa Arua, yaelekea uamuzi huo ulifanywa asubuhi, kabla hamjapiga hatua ya kwanza. Katika vyumba vya habari, wahariri hukutana mwanzoni mwa siku wakiwa na orodha ya matukio yanayotarajiwa: vikao vya Bunge, kesi mahakamani, mikutano ya waandishi wa habari, ziara za viongozi. Hapo ndipo magari, wapiga picha na vifaa vya kurushia matangazo hugawanywa, navyo daima ni vichache kuliko matukio. Tukio ambalo halikutajwa katika kikao hicho hubakiwa na njia moja tu ya kuingia katika taarifa ya saa moja jioni au ya saa tatu usiku, nayo ni kushtua. Moshi wa matairi huonekana kwa mbali na hupigwa picha kwa dakika tano, ilhali madai ya maji humtaka mwandishi aisome barua yenu, aulize fedha za soko zinakwenda wapi, na amngoje afisa wa jiji mpaka ajibu.

Kisha kuna umbali. Vituo vikubwa viko Kampala, karibu kilomita 500 kutoka kwenu, na huko mikoani hutegemea waandishi ambao wengi wao hulipwa kwa kila habari inayorushwa. Mwandishi wa namna hiyo akitumia siku nzima sokoni na habari yake isitoke, hasara ya nauli na ya muda ni yake mwenyewe. Kwa hiyo hulazimika kukisia mapema kile ambacho mhariri wa Kampala atakipenda.

Lakini umbali peke yake haulimalizi swali lako. Bila shaka unakumbuka Agosti 2018, wakati wa uchaguzi mdogo wa Manispaa ya Arua, jinsi macho ya nchi nzima yalivyoelekezwa kwenu. Rais Museveni alikuwa hapo, mbunge Bobi Wine, mpinzani wake, alikuwa hapo, dereva wake Yasin Kawuma akapigwa risasi na kufa, na waandishi wawili wa kituo cha televisheni cha NTV wakakamatwa wakiwa kazini. Kumbe barabara ya kufika Arua ipo, ila husafiriwa upesi pale majina makubwa yanapokutana na damu inapomwagika.

Tabia hii si ya Uganda peke yake. Oktoba 1968 yalifanyika London maandamano makubwa ya kupinga vita vya Vietnam, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester wakachunguza jinsi yalivyoripotiwa. Kwa majuma kadhaa kabla ya siku yenyewe, vyombo vya habari vilikuwa vimetabiri fujo. Maandamano yakawa ya amani kwa sehemu kubwa, lakini habari zikajengwa juu ya mapambano machache yaliyotokea, kwa kuwa kamera zilikuwa zimekuja kutafuta hayo. Ninaliona hili kuwa kosa zito la kazi yetu, maana mwandamanaji mtulivu hufundishwa kwamba utulivu wake haumfikishi popote.

Kwetu, mhariri hubeba pia mzigo wa hofu. Mei 2016 Jim Muhwezi, aliyekuwa Waziri wa Habari, alipiga marufuku kurusha mubashara shughuli za kampeni ya ukaidi ya chama cha upinzani cha FDC, kilichokataa matokeo ya uchaguzi wa mwaka huo, na akatishia leseni za vituo. Septemba 2017, wakati wa mjadala wa kuondoa ukomo wa umri wa rais, Tume ya Mawasiliano, UCC, iliamuru matangazo ya mubashara yaliyodaiwa kuchochea umma yakome. Mhariri anayeyakumbuka hayo huweza kuamua kurekodi kwanza na kukata baadaye, au kuliacha tukio kabisa, bila mtu yeyote kumpigia simu.

Mtakapotembea tena, mjulisheni mwandishi wa eneo lenu siku mbili kabla, ili tukio liwe katika orodha ya asubuhi. Mpeni nakala ya barua, saa kamili ya kuanza, na jina la ofisi inayopaswa kujibu. Mmoja wenu apige picha za video akiwa ameilaza simu, na azitume mapema mchana.

SWALI: Kwa nini wakati wa kampeni za urais mkutano wa mgombea mmoja huonyeshwa kwa muda mrefu, na wa mwingine kwa sekunde chache? – Mwanafunzi, Kampala.

JIBU: Ibara ya 67 ya Katiba ya 1995 inaagiza wagombea wote wa urais wapewe muda na nafasi sawa katika vyombo vya habari vya serikali. Agizo hilo linaihusu UBC, shirika la utangazaji la serikali, moja kwa moja, na waangalizi wa Umoja wa Ulaya waliofuatilia uchaguzi wa 2016 waliikosoa kwa kumpendelea rais aliyekuwa madarakani. Kwa vituo binafsi, jambo moja hufichika kwa mtazamaji: mara nyingine picha hupigwa na watu wa mgombea mwenyewe na kuletwa kituoni zikiwa tayari, na mwenye fedha za kukodi kamera nyingi huleta picha nyingi na nzuri. Kituo kinapaswa kutamka hewani picha zimetoka kwa nani. Ukitaka kulalamika, anza kwa kukiandikia kituo chenyewe, kisha UCC, na utaje tarehe, saa na urefu wa habari ulizozilinganisha kwa muda wa juma zima, kwa sababu taarifa ya usiku mmoja haitoshi kuthibitisha upendeleo.