Vijana wa friji na AC mnaotaka kuingia pampu za joto za ardhini, someni hii kwanza

Naulizwa sana na vijana hapa Mombasa kuhusu hizi pampu za joto za ardhini, zile zinazopasha nyumba huko Uswidi na Ujerumani wakati wa baridi. Wengine wanatafuta kazi ya nje, wengine wameona video tu wakapenda. Mimi ni fundi wa AC na siku hizi kazi yangu kubwa ni pampu za maji moto za mahoteli, kwa hivo nitawaambia ninachokijua. Nusu ya kazi mshaijua tayari. Nusu ile nyingine ndo inayowashinda mafundi wazuri kabisa wa gesi, na sababu ni kwamba hawakuipa uzito mapema.

Ile mnayoijua ni hii, AC inatoa joto chumbani inalitupa nje, na pampu ya joto inalichukua nje inalitupa ndani, kompresa ni ileile, kondensa, valvu na evaporeta ni zilezile. Tofauti ni kwamba pale nje hakuna feni, kuna paipu zimezikwa ardhini na ndani yake mnazunguka maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda. Na tafadhali msichanganye na Olkaria. Olkaria wanachimba mpaka kilomita tatu hivi kutafuta mvuke wa kuzungusha tabaini, hapa tunaongelea shimo la mita 100 mpaka 200 au mtaro wa mita moja na kitu, na huko chini hakuna moto wowote, udongo wa Ulaya kaskazini una digrii 8 au 10 tu. Hizo digrii 8 zinatosha, manake gesi ndani ya evaporeta ni baridi zaidi ya hapo, na joto siku zote linakimbilia kwenye baridi.

Sasa hesabu, na hapa msiruke. Chukua nyumba inayohitaji kilowati 8 siku ya baridi kali. Pampu ikiwa na COP ya 4, yaani inatoa joto mara nne ya stima inayokula, itakula stima kilowati 2, zile 6 zilizobaki lazima zitoke ardhini. Ardhi ya kawaida inakupa kama wati 50 kwa kila mita ya shimo, mwamba mzuri unazidi, mchanga mkavu unapungua, kwa hivo 6000 gawanya kwa 50 unapata mita 120. Mwenye nyumba akikubana bei ukachimba mita 70, mwaka wa kwanza itafanya kazi na kila mtu atakusifu, alafu ardhi itapoa msimu baada ya msimu mpaka pampu inazima yenyewe au hita ya stima inashika kazi yote. Na shimo huwezi kulirefusha kama unavyobadilisha kapilari, hapo mashine ya kuchimba irudi na bustani ivurugwe tena.

Gesi yenyewe mara nyingi hata hutaigusa. Mashine inatoka kiwandani imefungwa na gesi yake ndani, wewe unaunganisha maji upande huu na maji upande ule. Ndo maana nasema fundi wa geji na vakyumu pampu akifika huko anajikuta mgeni, kazi ni ya maji. Paipu ni zile nyeusi za plastiki ngumu, HDPE, tunazoziona kwenye miradi ya maji, na viungo vya kuzikwa vinayeyushwa kwa moto vikashikana, havifungwi kwa klipu. Tafuteni mafundi wa maji wanaochomelea HDPE mkae nao, muone wanavyokwangua paipu, wanavyoisafisha, wanavyosubiri ipoe bila kuitikisa. Baadaye ni kupima presha kabla ya kufukia na kutoa hewa yote kwa pampu yenye nguvu. Hewa ikibaki ndani mzunguko unalegea na mashine inaanza kulalamika, na mtu asiyejua anakimbilia kulaumu kompresa.

Jambo jingine ni upande wa nyumba. Sakafu yenye paipu inaridhika na maji ya digrii 35, radieta za zamani zinataka 55 au zaidi, na mashine ileile iliyokuwa na COP ya 4 na kitu inashuka chini ya 3. Kwa hivo kabla ya kuulizia mashine ya kampuni gani, uliza maji yatatoka na digrii ngapi.

Hapa kwetu mnaweza kujifunza kupima bila kusafiri. Hoteli nyingi Nyali, Bamburi mpaka Diani kuna pampu za maji moto, zinatumia hewa badala ya ardhi lakini hesabu ni moja. Ombeni ruhusa kwa injinia wa hoteli, alafu fanyeni hivi: paipu ya kurudi kwenye tangi kingia ndoo ya lita 20, ikijaa kwa sekunde 50 hiyo ni lita 0.4 kwa sekunde. Thamometa ya kuingia inasoma 45, ya kutoka inasoma 50, tofauti 5. Zidisha 0.4 kwa 4.2 (hizo ni kilojuli za kupasha lita moja ya maji digrii moja) kwa 5, unapata kilowati 8.4 za joto. Klampu mita ikikupa ampea 9 kwenye volti 240 hiyo ni kama kilowati 2.1, kwa hivo COP ni 4. Ukiifanya hii mara nyingi, kichwa kinazoea kutilia shaka namba zilizobandikwa ubavuni mwa mashine, na hiyo ni tabia nzuri sana kwa fundi.

Kuna wanaoniambia basi tuchimbe hapa Mombasa tupoze nyumba kwa ardhi. Mimi sishauri. Ardhi yetu chini iko karibu digrii 27 mwaka mzima, sawasawa na wastani wa hewa yenyewe, kwa hivo faida unayoipata ni ndogo. Alafu hatuna msimu wa baridi wa kuirudisha, hata kusi ikivuma bado watu wanawasha AC, joto utakalolizika mwaka huu litakungoja mwaka ujao. Na maji ya visima vyetu vingi ni ya chumvi, ukiyapitisha moja kwa moja kwenye paipu za shaba za mashine chumvi itazila, na mteja atajionea mwenyewe. Mtu akikuletea pesa ya kuchimba, mwambie aziweke kwenye AC nzuri ya invata na kivuli cha dirisha.

Wanaotaka kwenda nje, nchi za Ulaya zinataka cheti cha F-gas, yaani cha kushika gesi za friji na AC, kabla hujafungua mzunguko wa gesi, na grade test ya NITA, ule mtihani wetu wa ufundi hapa Kenya, haichukui nafasi yake, ingawa inasaidia kuonyesha umetoka wapi. Ajenti akikwambia cheti kitapatikana ukishafika, muulize utalipwa kama fundi au kama mtu wa mkono mpaka siku hiyo, na akujibu kwa maandishi kabla hujatoa hata shilingi.