Mke wangu ananizuia kununua kamera ya fulufremu

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 33, naishi Morogoro na mke na watoto wawili. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, kipaimara na mahafali. Natumia Canon 600D na lenzi yake ya 18-55. Sasa nimepata Canon 5D Mark II, fulufremu (yaani yenye sensa kubwa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga wa picha), mtumba, jamaa yuko Dar anaiuza shilingi milioni moja na laki mbili. Laki nne ninazo, ni malipo ya awali ya harusi mbili za Juni. Mke wangu ni fundi cherehani, yuko kwenye kikoba na mwezi ujao wanavunja. Nimemwomba laki nane, amekataa. Kila nikimwambia anauliza tu, 'Kwani hii uliyonayo ina ubaya gani?' Mwaka jana alinipa pesa ya flashi na ya kompyuta, mwaka huu kabadilika. Nahisi anajazwa maneno na dada yake. Wateja wananikimbia, na kuna bibi harusi wa Desemba ananisumbua kwa simu kila siku. Nichukue mkopo wa simu nimalize? Niliyekwama, Morogoro."

Marahaba, mwanangu. Najua inauma kuona wenzako wamesimama ukumbini na kamera nzito shingoni, na wewe una kale kadogo. Pole. Sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu liliishia kwa yule bibi harusi wa Desemba. Unasema anakusumbua. Anakusumbua kwa nini? Mtu aliyefunga ndoa Desemba, na sasa ni Mei, hapigi simu kila siku kulalamikia ukubwa wa kamera. Anataka albamu yake. Ameilipia, na hujampa. Umelipitisha jambo hilo kwa mstari mmoja mwishoni, baada ya kumtuhumu mkeo na shemeji yako, lakini kwangu mimi barua yako nzima imelala hapo.

Na mkeo anazisikia simu hizo. Mnalala chumba kimoja. Anakuona ukiitazama namba na kuilaza simu kifudifudi. Kisha mtu huyohuyo anamwomba laki nane za kikoba. Wewe ungempa?

Wahenga wanasema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Wateja hawakukimbii kwa sababu ya sensa ya kamera. Wanakukimbia kwa sababu picha zao hazifiki.

Nimeolewa na mpiga picha miaka ishirini na sita, Mungu amrehemu, kwa hiyo haya siyaropoki. Studio yetu ilikuwa chumba cha mbele, na chumba cha giza kilikuwa bafu letu. Dirisha tuliliziba kwa blanketi la kijivu, taa ilikuwa globu nyekundu, na picha tulizining'iniza kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, maji yakidondoka kwenye karai la kufulia. Harusi ikiwa Jumamosi, Jumapili halali. Jumatatu asubuhi bibi harusi anakuta bahasha yake mezani, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino. Mjini walikuwepo wenye kamera nzuri kuliko yake, na wateja wao walihamia kwetu kwa sababu ya bahasha ile ya Jumatatu.

Na yeye pia aliwahi kuingia shimo hilo unalolichungulia. Alinunua kamera kubwa ya mtumba kwa mtu aliyekuwa akisafiri, kwa pesa niliyoiweka ya mabati. Hakuniuliza. Mvua za masika zilipokwisha, lenzi ilikuwa imeota utando ndani kama wa buibui, wa kuvu, na fundi akasema haufutiki bila kuifungua yote. Jiko letu lilivuja mwaka mzima. Aliniomba radhi nikamsamehe, lakini ile kamera iko juu ya kabati langu hadi leo.

Nisije nikakudhulumu, kamera hiyo ya Dar nimeiulizia. Mwanangu wa tatu amemrithi baba yake kazi hiyo, nikamsomea sehemu ya kamera tu, bila ya mji wala mambo ya nyumbani. Anasema si takataka. Sensa yake ina ukubwa wa negativu ya zamani, milimita 36 kwa 24, eneo zaidi ya mara mbili ya sensa yako, na picha za gizani hutoka safi kuliko za 600D. Zimepigwa harusi nyingi sana na kamera hiyo. Lakini ilitangazwa mwaka 2008, mrithi wake akatoka 2012, na hiyo yako ya 600D ni ya 2011. Kwa hiyo unataka kuacha kamera ya zamani uende kwenye ya zamani zaidi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na hiki hata kipya si kipya.

Kisha aliniuliza swali ambalo wewe hukuliandika: lenzi atatumia ipi? Hiyo 18-55 yako haishiki kwenye fulufremu ya Canon, imetengenezwa kwa kamera za sensa ndogo. Kadi zako za SD hazina pa kuingia, kwa sababu ile inakula kadi ya CF peke yake. Betri zako nazo haziingii. Ile milioni moja na laki mbili itakupa kiwiliwili kitupu, baba. Utarudi kwa mkeo wiki ya pili kuomba ya lenzi, ya kadi na ya betri, na akikataa utaniandikia tena kwamba kabadilika. Hivi hukulijua hilo, au ulilijua ukamficha?

Hata ulengaji wake usiutarajie sana. Ina alama tisa za kulengea na ile ya katikati ndiyo yenye nguvu, sawa na yako. Ukumbi ukizimwa taa kwa ajili ya keki, utahangaika na hiyo kama unavyohangaika na hii.

Sasa lile swali la mkeo. "Hii uliyonayo ina ubaya gani?" Wewe umelisikia kama dharau. Mimi nasema ndilo swali la maana kuliko yote yaliyomo kwenye barua, na hukumjibu yeye wala hukunijibu mimi. Mwanangu amejibu kwa niaba yako: ubaya uko kwenye lenzi. Hiyo 18-55 ukiivuta hadi mwisho, tundu lake la kuingizia mwanga ni f/5.6, na namba hiyo ikiwa ndogo ndipo tundu huwa kubwa. Ipo lenzi ndogo ya Canon ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, inayoingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Hata mpya haifiki pesa unayoomba. Inashika kwenye 600D leo, na itashika kwenye fulufremu siku ukijaliwa kuipata.

Ninyi vijana wa ndoa za siku hizi mna tabia moja inayoniumiza. Mtu anakaa na jambo kichwani miezi mitatu, analizungumza na marafiki, anamaliza bei na muuzaji, halafu anakuja nyumbani kuomba pesa. Mke haletewi wazo, analetewa bili. Akiuliza, anaambiwa hana maono. Wanawake nao wanafanya, ninazo barua zao hapa za makochi na mapazia, siwapendelei. Lakini mwenzako akiijua habari ikiwa imebaki kutoa hela tu, hujamshirikisha. Na huyu wako alishatoa mara mbili kwa sindano yake, flashi na kompyuta. Kuna mke asiyetaka usonge mbele anayekununulia kompyuta? Muombe radhi kwa neno hilo, na shemeji yako mwondoe mdomoni kabisa.

Zile laki nne si zako bado. Ni za maharusi wa Juni mpaka utakapowakabidhi picha zao. Ukizitia kwenye kamera na kamera ikafa Mei, Juni utakwenda na nini? Na mkopo wa simu usiuguse. Riba yake haingoji msimu wa harusi, na siku ukichelewa wanaweza kuwapigia mpaka watu wa ukoo wako.

Kwa hiyo kamera hiyo usinunue sasa. Ukiona lazima uijaribu fulufremu, kodi moja na lenzi yake kwa siku moja Juni, uone kama bado unaitamani ikishakuchosha bega. Ukifika wakati wa kununua, usitume pesa Dar kwa kuamini picha za WhatsApp. Nenda mwenyewe, na mkeo. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uikuze picha, madoa utakayoyaona ni uchafu wa sensa. Mulika tochi ndani ya lenzi utafute ule utando ninaoujua mimi. Chungulia pini za mahali pa kadi, ikipinda moja ni gharama. Idadi ya picha ilizopiga haionekani kwenye menyu yake, inataka kompyuta, na Canon waliipima shata yake, kile kipazia kinachofunguka kila ukipiga picha, kwa mapigo 150,000. Harusi moja huweza kula elfu moja na zaidi, kwa hiyo anayekwambia "imepiga kidogo tu" akuonyeshe.

Lakini leo, watoto wakilala, washa hiyo kompyuta aliyokununulia mkeo ufungue picha za Desemba. Mwite akae karibu akusaidie kuchagua, jicho la fundi cherehani halipitwi na gauni lililokaa vibaya. Kabla ya kulala mpigie yule bibi harusi, mwambie siku ya kupokea albamu yake, na simu hiyo uipige mkeo akiwa anasikia.